Siri ya mgonjwa na mipaka yake kisheria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi. Mengi huulizwa mlangoni kwa sauti ya chini, mtu keshaaga na mkono uko kwenye kitasa. Mimi ni muuguzi, si hakimu, na sheria hutofautiana nchi kwa nchi. Ukiwa na jambo lako mahsusi, mwone wakili. Kesi ninazozitaja ni za kweli na hukumu zake zipo. Maswali nimeyapa namba ili nisirudie jibu lile lile mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Siri ya mgonjwa ni nini hasa?

Ni wajibu wa aliyekupokea kama mgonjwa kutomwambia mtu mwingine yale aliyoyajua kwa sababu ya kukutibu. Jina la ugonjwa ni sehemu tu. Kwamba ulifika, siku uliyofika, dawa ulizopewa, kovu alilokuona nalo mgongoni, habari za ndoa yako ulizomweleza ili aelewe kwa nini hulali: yote yamo ndani ya siri.

Wajibu wenyewe ni mkongwe. Kiapo cha Hippocrates, chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, kinamtaka tabibu anyamazie anayoyaona na kuyasikia kwa wagonjwa. Mwaka 1948 madaktari wa dunia waliuandika upya katika Tamko la Geneva. Ila kiapo peke yake hakimfikishi mtu mahakamani. Kinachomfikisha ni sheria. Ufaransa na Ujerumani, kutoa siri ya mgonjwa ni jinai na mtu anaweza kufungwa. Uingereza, mgonjwa anaweza kumshtaki aliyeivunja na kudai fidia. Marekani ina sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, Umoja wa Ulaya una kanuni za data zilizoanza kutumika mwaka 2018, Kenya ilitunga sheria ya data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022.

2. Ni daktari peke yake anayebanwa?

Hapana. Muuguzi, mtu wa maabara, mfamasia, karani wa mapokezi, mkalimani, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo, fundi anayetengeneza kompyuta za hospitali: kila anayegusa habari zako kwa sababu ya kazi amebeba wajibu huo huo. Na kwa niliyoyaona, siri hutoka zaidi kwa hawa kuliko chumbani kwa daktari.

Niliwahi kusimama kwenye maabara moja, daftari la majibu likiwa wazi dirishani. Mama mmoja aliambiwa, "Tafuta jina lako hapo." Akashusha kidole jina kwa jina, na pembeni ya kila jina kipimo na jibu lake, mpaka kidole kikasimama kwenye jina ambalo halikuwa lake. Alikaa kimya kidogo, kisha akaendelea kushuka. Hakuna aliyefungua mdomo pale, wala aliyekusudia ubaya, lakini siri ya mtu ilikwisha kutoka, na mwenye kuwajibika ni kituo.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema jambo linalofanana mwaka 2008. Muuguzi wa Finland aliyekuwa na VVU alitibiwa katika hospitali ile ile aliyofanyia kazi, akashuku kwamba wenzake wamesoma faili lake. Hospitali haikuwa na njia ya kuonyesha nani alilifungua. Hakuhitaji kumtaja aliyechungulia. Kushindwa kulilinda faili kulitosha, na Finland ikashindwa kesi.

3. Siri ni ya daktari au ni yangu?

Ni yako. Ukiruhusu, daktari anaweza kusema. Ukikataa, ananyamaza, hata kama yeye anaona ingekuwa heri watu wajue. Daktari ameishika kama amana, na mwenye amana ndiye anayeamua.

Sheria inapofungua mlango bila ridhaa yako, haifungui nyumba nzima. Mahakama na mabaraza ya madaktari hurudia masharti matatu, na majibu mengi hapa chini yanayategemea. La kwanza, kisemwe kile kidogo tu kinachotosha kwa lengo lile. La pili, aambiwe yule tu anayepaswa kujua. La tatu, mgonjwa ajulishwe kabla, isipokuwa kumjulisha kwenyewe kutaleta hatari. Daktari aliyeruhusiwa kutaja ugonjwa mmoja hana ruhusa ya kukabidhi faili la miaka kumi.

4. Madaktari wakijadiliana hali yangu wao kwa wao, wamevunja siri?

Kwa kawaida hapana. Ukikubali kutibiwa unahesabiwa umekubali wanaokutibu wapeane habari zinazohitajika. Anayekwenda kukupasua lazima ajue mzio wako wa dawa. Ambaye hakutibu hamo, hata akiwa daktari bingwa, hata akiwa mkurugenzi. Na mazungumzo ya kwenye lifti au kwenye foleni ya chakula hayana kinga yoyote.

Barua ya rufaa nayo ifungwe kwenye bahasha. Jambo dogo, lakini nimeona barua zikipita mikono ya shemeji, dereva na mlinzi kabla ya kumfikia daktari wa pili.

## Ndugu, wenza na watoto

5. Mume au mke wangu ana haki ya kuambiwa majibu yangu?

Hana. Ndoa haihamishi siri. Hata aliyelipa gharama za matibabu hanunui majibu.

Ugumu upo kwenye mazoea. Mgonjwa huja na ndugu, ndugu huingia naye, na daktari huanza kueleza. Unayo haki ya kusema, "Naomba tuzungumze wawili kwanza." Daktari mzuri husema hivyo mwenyewe, ili lawama isikuangukie wewe. Kuhusu VVU na magonjwa mengine yanayoweza kumfikia mwenzi, soma swali la 12.

6. Mgonjwa hajitambui. Familia iambiwe nini?

Ya kutosha kumsaidia. Mtu akiwa hawezi kuamua, daktari huruhusiwa kuzungumza na walio karibu naye kwa kiwango kinachohitajika ili kupata historia yake na kupanga matibabu. Kama kuna mtu aliyeteuliwa kisheria kumwamulia, huyo hutangulia. Na kama mgonjwa alisema akiwa na fahamu, "Kaka yangu asiambiwe," neno hilo halifi kwa sababu amezimia.

7. Binti yangu wa miaka 15 alikwenda kliniki peke yake. Mbona wanakataa kuniambia?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na uchungu wake naujua. Kwa mtoto mdogo, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa, hivyo anajua. Kwa kijana anayekaribia utu uzima, nchi nyingi zimeacha kuhesabu birthidei peke yake. Mwaka 1985, katika kesi ya Gillick, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba aliye chini ya miaka 16 anaweza kukubali matibabu mwenyewe akiwa na akili ya kuyaelewa vizuri, na siri yake hulindwa kwa kipimo hicho. Nchi nyingine huweka umri maalumu kwa huduma fulani, kama upimaji wa VVU au uzazi wa mpango.

Sababu yake ni ya hospitali kuliko ya falsafa. Kijana akijua kila atakachosema kitafika nyumbani, haji kabisa, au huja wakati tumeshachelewa. Anayehudumia kijana hutakiwa kumhimiza amshirikishe mzazi, na akiona dalili za kudhulumiwa habari hubadilika (swali la 9). Mzazi bado anaweza kumweleza daktari anachokijua. Siri inamzuia daktari kusema, haimzuii kusikiliza.

## Pale sheria inapomlazimisha daktari kusema

8. Nina ugonjwa wa kuambukiza. Serikali itaambiwa?

Kama ugonjwa uko kwenye orodha ya magonjwa ya lazima kutolewa taarifa, ndiyo, na hapa daktari hana hiari. Orodha ni ya kila nchi, lakini magonjwa kama kipindupindu na kifua kikuu huwa humo mara nyingi. Taarifa huenda kwa mamlaka ya afya. Jirani na bosi wako hawamo. Mengine huripotiwa kwa idadi tu bila jina. Mengine kwa jina, kwa sababu lazima wafuatwe waliokaa karibu nawe.

Juu ya hapo, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinazitaka nchi kuliarifu Shirika la Afya Duniani tukio linaloweza kuvuka mipaka ndani ya saa 24 tangu kulitathmini. Kanuni hizo hizo zinataka habari za mtu binafsi zilindwe.

9. Daktari akishuku mtoto anapigwa au ananajisiwa, anaruhusiwa kunyamaza?

Katika nchi nyingi haruhusiwi. Sheria humtaka atoe taarifa kwa ustawi wa jamii, polisi au chombo kilichotajwa, na kinachohitajika ni shaka yenye msingi, si ushahidi uliokamilika. Anayeripoti kwa nia njema hulindwa hata ikibainika alikosea.

Kwa mtu mzima anayepigwa na mwenzi wake, mambo si hivyo kila mahali. Sehemu nyingine huacha uamuzi kwake, na mimi naona kuna hekima, maana ripoti iliyotolewa bila yeye kujiandaa inaweza kumrudisha kwenye nyumba ile ile kukiwa na hasira zaidi. Muulize mhudumu mapema: "Nikikueleza, utalazimika kumwambia nani?" Ni swali halali na anapaswa kukujibu kabla hujaanza.

10. Polisi wakifika hospitali na kudai faili, wapewe?

Sare ya polisi peke yake haifungui faili. Wanahitaji ridhaa yako, amri ya mahakama, au sheria inayotaja wazi kwamba habari ile itolewe. Sheria za aina hiyo zipo. Katika majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, jeraha la risasi lazima liripotiwe.

Mwaka 1974 daktari mmoja wa Uingereza alikataa kuwataja kwa polisi watu aliowatibu baada ya ajali iliyohusisha gari la wizi. Sheria ya barabarani ilimtaka "mtu yeyote" atoe habari za kumtambua dereva. Mahakama ikasema mtu yeyote ni pamoja na daktari, na hatia yake ikabaki. Angalia lakini ukubwa wa alichotakiwa kutoa: utambulisho wa dereva. Hakutakiwa kueleza vidonda wala waliyomweleza kitandani.

11. Mahakamani je, daktari anaweza kukataa kujibu?

Inategemea uko wapi. Mwaka 1776 mwanamke wa tabaka la juu nchini Uingereza alishtakiwa mbele ya Baraza la Malodi kwa kuolewa akiwa bado na mume. Daktari wake wa upasuaji akaulizwa kama alijua habari za ndoa ya kwanza. Alisita, kwa kuwa aliyajua hayo kupitia kazi yake. Jaji Mansfield akamwambia kwamba angeyasema kwa hiari yake angekuwa amevunja heshima, lakini kuyasema mbele ya mahakama kwa amri ya sheria si kosa. Uingereza imeendelea na msimamo huo.

New York ilichukua njia nyingine mwaka 1828, ikatunga sheria ya kumzuia daktari asilazimishwe kutoa siri hizo ushahidini, na majimbo mengine mengi ya Marekani yakafuata. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kinga ya mazungumzo ya tiba ya akili katika mahakama za shirikisho. Kesi ilimhusu askari polisi aliyempiga mtu risasi akafa, kisha akatafuta ushauri nasaha. Mahakama iliona kwamba tiba ya namna hiyo haifanyi kazi pasipo mgonjwa kuamini kwamba maneno yake yako salama.

Hata anapolazimika kujibu, daktari anaweza kumwomba hakimu asome faili faraghani na kuondoa yasiyohusika. Mahakama yenyewe nayo ina wajibu. Mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya ilikubali kwamba madaktari wa mwanamke mmoja wa Finland walazimishwe kutoa ushahidi katika kesi ya mumewe, lakini ikakataa mambo mawili: hukumu kutaja jina lake pamoja na hali yake ya VVU, na faili kupangiwa kufunguliwa kwa umma baada ya miaka 10 tu.

## Hatari kwa mtu mwingine, au kwako mwenyewe

12. Nikimwambia daktari nataka kumdhuru mtu, au nina ugonjwa ambao mwenzi wangu haujui, atanyamaza?

Hapa ndipo sheria imeumia kichwa zaidi. Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Tarasoff. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja huko California alimweleza mtaalamu wa saikolojia kwamba atamuua msichana aliyemkataa. Mtaalamu akawaarifu polisi wa chuo, wakamkamata, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Msichana na wazazi wake hawakuambiwa kitu. Baada ya miezi kama miwili akamuua. Mahakama ya Juu ya California ikaamua mwaka 1974, na tena mwaka 1976, kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda anayetishiwa. Sehemu nyingine zimeufanya kuwa wajibu. Nyingine zimempa daktari ruhusa tu.

Uingereza ina kesi ya Egdell ya mwaka 1990. Mgonjwa aliyewahi kuua watu watano alikuwa akitafuta kulegezewa ulinzi. Mawakili wake wakamwajiri daktari wa akili, ripoti ikatoka mbaya, wakaifungia. Daktari akaipeleka hospitali na serikalini. Mahakama ilimuunga mkono kwa kuwa hatari ilikuwa ya kweli na aliwapelekea wahusika. Majaji walieleza pia kwamba angeiuza kwa gazeti, mambo yangekuwa mengine.

Hasira ya kawaida haifiki huko. Mtu akisema, "Yule bosi nitamuua," akiwa amechoka, mtaalamu anaulizia: kuna mpango, kuna silaha, kuna mtu anayejulikana?

Kuhusu VVU, sheria nyingi humtaka daktari kwanza akushauri, akupe muda na msaada wa kumwambia mwenzi wako mwenyewe. Ukikataa kabisa na mwenzi yuko hatarini, baadhi ya nchi humruhusu amwarifu, nyingine humkataza. Dawa nazo zimebadilisha hesabu: anayezitumia vizuri na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi kwa njia ya ngono. Kipimo cha sheria ni hatari iliyopo, kwa hiyo jambo hilo lina uzito.

13. Na nikisema nawaza kujiua?

Kuwaza si tangazo la dharura, na kusema ukweli huo kwa daktari ni jambo jema kabisa. Akiona hatari ya karibu, anaweza kuwahusisha ndugu au hospitali hata usiporidhia, kwa masharti ya swali la 3. Madaktari wengi hukuuliza kwanza ni nani ungependa aje kukaa nawe. Jina hilo lifikirie mapema.

14. Mimi ni dereva na nina kifafa. Daktari atanishtaki?

Anza kuiarifu mamlaka ya leseni mwenyewe. Sehemu nyingi huo ni wajibu wako. California daktari hulazimika kuripoti magonjwa ya kupoteza fahamu. Uingereza hukushauri uache kuendesha, na ukiendelea anaweza kuiarifu mamlaka, akikujulisha.

Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, alipoiangusha ndege kwa makusudi milimani Ufaransa na watu 150 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba wiki mbili kabla daktari alikuwa amependekeza alazwe hospitali ya akili. Mwajiri hakujua. Sheria ya Ujerumani iliruhusu kusema pale penye hatari kubwa, ila mpaka wenyewe haukuwa wazi, na adhabu ya kukosea ilikuwa wazi sana. Ripoti ya mwaka 2016 ikapendekeza kanuni bayana. Nami nakubali: daktari asiyejua mstari uko wapi atanyamaza, na huwezi kumlaumu peke yake.

## Kazi, bima, na hali za pembeni

15. Mwajiri amenituma kupimwa. Ataambiwa nini?

Aambiwe kama unafaa kwa kazi ile, unafaa kwa masharti, au hufai. Ugonjwa wenyewe si wake. Kabla ya kuvua shati muulize daktari ripoti inaandikwa kwa nani, na usome fomu ya ridhaa mpaka mwisho. Bima ni hivyo hivyo: ukisaini kwamba "habari zote za afya" zitolewe, umefungua mwenyewe. Unaweza kuomba ridhaa itaje muda na matibabu yanayodaiwa tu.

16. Ugonjwa wangu wa kurithi ukiwagusa watoto wangu, daktari anaweza kuwaambia?

Mwaka 2020 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya binti ambaye baba yake alikuwa na ugonjwa wa Huntington na akakataa binti aambiwe, wakati binti ni mjamzito. Alishindwa, kwa kuwa madaktari walikuwa wameupima uamuzi wao. Lakini mahakama ilitambua kwamba wana wajibu wa kupima maslahi ya ndugu dhidi ya siri ya mgonjwa. Huo ni mlango mdogo uliofunguliwa, na hali ya kila kesi itaamua.

17. Mtu akifa, siri yake imekufa?

Haijafa. Tangu mwaka 1968 Tamko la Geneva linasema siri hudumu hata baada ya mgonjwa kufariki. Sheria ya Marekani hulinda habari hizo kwa miaka 50 baada ya kifo. Rais François Mitterrand alipofariki Januari 1996, siku chache baadaye daktari wake alitoa kitabu kuhusu saratani aliyoificha tangu mwaka 1981. Mahakama za Ufaransa zilikizuia na daktari akatiwa hatiani. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ilisema kukizuia mwanzoni, familia ikiwa katika msiba, kulikuwa sawa, lakini zuio la kudumu halikuwa na sababu tena, maana muda ulikuwa umepita na habari zilikwisha kuenea. Warithi wanaweza kupewa kinachohitajika kwa mirathi au kudai uzembe, udadisi hautoshi.

18. Siri yangu imetolewa. Nianzie wapi?

Andika. Tarehe, nani alisema nini, nani alisikia, na picha ya ujumbe kama ulitumwa kwenye kundi la simu. Kisha peleka malalamiko ya maandishi kwa kituo na uombe orodha ya waliofungua faili lako. Baraza la taaluma linaweza kumsimamisha au kumfutia usajili mhusika. Mamlaka ya data inaweza kukitoza kituo faini. Fidia hudaiwa mahakamani. Katika Umoja wa Ulaya, kituo kilichovujisha data kina saa 72 kuiarifu mamlaka, isipokuwa kama hakuna hatari kwa wenye data. Usikubali kumalizwa na "pole, alikuwa mgeni kazini."

19. Nilimlalamikia daktari hadharani mtandaoni nikataja ugonjwa wangu. Anaweza kunijibu kwa kueleza upande wake?

Kusema kwako hakumfungui yeye. Ulichotangaza ni ulichotangaza. Vipimo, madeni na mengine yaliyo kwenye faili bado ni siri. Mwaka 2019 kliniki moja ya meno Marekani ilikubali kulipa dola 10,000 baada ya kujibu maoni ya mgonjwa mtandaoni kwa kutaja habari zake za matibabu. Daktari aliyelalamikiwa anaweza kuandika kwamba hawezi kujadili mgonjwa yeyote hadharani, na kwamba mlango wa ofisi uko wazi kwa mlalamikaji. Ukipeleka lalamiko lako kwenye baraza au mahakamani, huko ataruhusiwa kutumia sehemu ya faili inayohusu lalamiko ili kujitetea.